Mdogo wangu kaoana na mwanamke huko Uingereza, ami anataka tumfute kwenye ukoo

Asalaam aleikum Bi Mwanakheri, na shkamoo. Mie nakusoma siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, naomba jina langu usilitoe wala kijiji, sema tu Pemba upande wa Wete inatosha, mana huku ukikohoa Konde wanakupa pole Kojani.

Mie mwanamme wa miaka 43, nna mke na watoto wanne, shughuli yangu karafuu na kiduka kidogo. Baba yetu alifariki 2016. Kwa mama tumezaliwa wanne, mie mkubwa, na huyu nnaetaka kukueleza ndo kitinda mimba wetu, mie ndo nlokuwa nampakia kwenye baskeli kumpeleka skuli na mvua zote za masika. Aliolewa mapema na mtu wa ukoo, hawakukaa hata miaka miwili akarudi na talaka, akakaa nyumbani kimya, posa zikija hazitaki, 2011 akapata njia akaenda Uingereza. Huko anafanya kazi nyumba ya wazee, anawaosha na kuwalisha. Kila mwezi anatuma laki tatu, dawa za presha na sukari za mama zinatoka hapo, hajakosa hata mwezi mmoja, hata wakati wa korona.

Sasa mwezi uliopita nageuza karafuu kwenye jamvi, wingu limeshafunga upande wa bahari, akapiga. Nkaibana simu na bega. Akanambia kaka kaa kitako. Nkadhani mtu kafa. Akasema nakwambia wewe kwanza kabla hujasikia nje, nimefunga ndoa, na alofunga nae ni mwanamke, wanafanya kazi pamoja. Bi Mwanakheri mie nlikosa la kusema, likantoka la kijinga, nkamuuliza sasa wewe umeoa au umeolewa? Akacheka kidogo, kicheko cha kulia, akasema tumeoana kaka. Mvua ikanyesha mie nimesimama na simu, karafuu zote zikarowa, pishi kadhaa zimeota ukungu na bei ndo hiyo unaijua.

Nkanyamaza sikumwambia mtu hata mke wangu. Lakini kuna binamu yetu huko huko aliipata picha, usiku akairusha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, watu sitini na kitu. Picha yenyewe wamesimama mlangoni pa ofisi, mdogo wangu kavaa nguo nyeupe, na kilichonimaliza ni kwamba begani kajitanda kisutu, ile kanga ya bi harusi, na kile kisutu nakijua, mama alimpa siku ya harusi yake ya kwanza, kina kidoa cha hina pembeni. Ile ndoa siielewi mpaka leo lakini kisutu kiliniingia kama mwiba.

Asubuhi grupu linawaka. Ami yetu ndo kakamata usukani, kasema huyu si wetu tena, asikanyage, keshatoka kwenye dini, na katika mikarafuu ya marehemu baba yake hana fungu. Pesa zake haramu zisipokelewe. Kuna kijana wetu anasoma Dar akajibu kwamba huko imehalalishwa na dunia nzima sa hivi imeruhusu, nyie mna shida gani, akatukanwa mpaka akatoka kwenye grupu. Mwengine mwalimu anasema hii sheria inakuja na huku, wazungu wanatulazimisha kwa mikopo, leo ni huyu kesho skuli. Mie nasoma tu.

Mama hajui. Yani nadhani hajui, simu yake ni ya tochi. Mdogo wangu anataka kuja Idi kumuona, na anauliza kama anaweza kuja na mwenzake, watasema ni rafiki. Ami ananitaka mie kama mkubwa niandike kwenye grupu kwamba tumemkata. Mie naswali Bi Mwanakheri, hilo jambo silikubali na siwezi kusema nalikubali, lakini yule nlimbeba mgongoni. Nimwambie mama? Pesa nirudishe? Aje asije? Nifanye nini.

Kaka mkubwa, Pemba

*

Bi Mwanakheri anajibu

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimebadilisha vitu viwili vitatu ili hata wa hapo jirani asikujue. Nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekwama kwenye kisutu. Mtu alokata ukoo hendi ofisini siku kama ile na kisutu cha mamaake chenye kidoa cha hina. Hilo ulishike, ntalirudia.

Kwanza nikuondoshe wasiwasi juu yangu. Mie nimelelewa chuo cha Kurani, nikah naijua ni mume na mke, walii wa bibi harusi, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli, yani kutoa neno na kulikubali, na sitakubabaisha kwa maneno matamu eti dini yetu ina mlango wa hilo. Haina. Hata lugha yetu ilikwama mdomoni mwako, umeoa au umeolewa, mana kwetu huyu anaoa na yule anaolewa. Hujauliza ujinga mwanangu, umeuliza kwa Kiswahili.

Lakini hapo hapo ndo grupu lenu linapopotea njia, mana wote wanasema "ndoa" na kila mtu ana kitu chake kichwani. Ami anazungumza nikah. Kijana wa Dar anazungumza cheti cha serikali. Huko Uingereza bunge lilipitisha sheria 2013 na harusi za mwanzo zikafungwa Machi 2014, tena isikufikie kwamba ilipita kama maji, waziri mkuu wa wakati ule David Cameron aliileta yeye na wabunge wa chama chake mwenyewe walopinga walikuwa wengi kuliko walounga mkono, ikapita kwa kura za vyama vyengine. Na sheria ile ile imesema hakuna imamu wala padri anaelazimishwa kufungisha, Kanisa la Anglikana la Uingereza ndo limefungiwa kabisa halifungishi. Ofisi ya msajili kama ile alosimama mdogo wako mlangoni, hata mume na mke wakienda kufunga pale hairuhusiwi kusoma aya ya kitabu chochote cha dini. Kwahiyo mdogo wako hajaenda kuichezea nikah mbele ya kadhi, kaenda kusajili mkataba kwa serikali ya huko. Wewe bado unaweza kusema si sawa, ni haki yako, lakini angalau sema kuhusu kitu alichofanya, usiseme kuhusu kitu ambacho hakukifanya.

Na "dunia nzima imeruhusu" si kweli. Uholanzi walianza 2001, mpaka leo nchi zenyewe hazifiki arubaini katika mia na tisini na kitu. Italia hawana ndoa hiyo, wana mkataba mwengine tu tangu 2016. Japani serikali haijakubali. Afrika ni Afrika Kusini peke yake, 2006, na ilikuja baada ya mahakama yao ya katiba kuambia bunge rekebisheni sheria. Msumbiji waliacha kulihesabu jambo lenyewe kuwa jinai 2015 lakini ndoa hawana. Hapa ndo mwalimu wenu anapochanganya: kuacha kumfunga mtu jela ni kesi moja, kumpa cheti cha ndoa ni kesi nyengine, na nchi nyingi zilofanya la kwanza hazijafanya la pili. Yale maneno ya misaada ya 2011, huyo huyo Cameron alipotishia kupunguza, yalihusu haki na kufungwa, hakusema tufungishane ndoa, na aliekuwa waziri wetu wa mambo ya nje marehemu Membe alimjibu hadharani kwamba hatukubali. Bara sheria ya ndoa ya 1971 imeandika mwanamme na mwanamke, Kenya wameiweka mpaka kwenye katiba. Sasa mwalimu akisema inakuja, muulize inapita bandari gani, Wete au Mkoani.

Huku kwetu ndo kabisa. Na hili nataka umsomee mdogo wako kama nilivyoandika. Zanzibar sheria ya adhabu ilirekebishwa 2004, ikaweka kifungo mpaka miaka saba kwa watu wa jinsia moja wanaofunga ndoa au kuishi kama mke na mume, na wanawake kwa wanawake wakikutwa na kosa lenyewe ni mpaka mitano, na sheria mpya ya 2018 haikuja kulegeza. Cheti cha Uingereza hapa si ngao. Watu wanadhani ufukweni kule kwa watalii sheria imelala, lakini Novemba 2018 watu kumi walikamatwa Pongwe kwa tuhuma za kuwa kwenye harusi ya namna hiyo, ikawa habari ya dunia.

Kwahiyo aje, na aje peke yake. Hilo la kuja na mwenzake waseme rafiki mie silitaki, na si kwa sababu ya ami. Zamani mwanamke akija na shoga yake hapana mtu alouliza, neno lenyewe shoga kwetu lilikuwa tamu kabla watu wa mjini hawajalipindua, wawili wangelala chumba kimoja na mama angewatandikia. Lakini picha imeshatembea kwenye simu sitini. Sitini! Hapo pana mtu ana shemeji polisi, pana mtoto ana hasira na anatafuta sifa. Utampokea mgeni bandarini ukamsindikize kituoni. Mwambie hivyo hivyo, mwambie kaka hakufukuzi, kaka anaogopa.

Sasa mikarafuu. Mwanangu hapa ndo nlivua miwani nkaifuta nkavaa tena. Barua nzima unalia juu ya ndoa halafu katikati umepitisha kwa haraka kwamba ami kasema binti hana fungu katika mikarafuu ya marehemu. Baba kafariki 2016, miaka yote hii mirathi haijagawiwa? Na shamba anasimamia nani? Hukusema, lakini nna umri wa kutosha, nna hakika ya asilimia tisiini kwamba anaesimamia ndo huyo alokamata usukani wa grupu.

Sikiliza. Mirathi inaangaliwa siku mtu alokufa. Siku baba yenu alipokata roho, watoto wake walikuwa wanne na fungu la kila mmoja likaingia siku ile ile, la mtoto wa kike nusu ya la wa kiume, hata kama hapana alokwenda kulipima. Ilotokea mwezi uliopita haiwezi kurudi nyuma kumnyang'anya. Na hata ingekuwa leo, dhambi haimzuii mtu kurithi, wanaozuiwa wanajulikana, alomuua anaemrithi na alotofautiana nae dini. Ami ndo mana kaharakisha kusema "keshatoka kwenye dini", ona neno lilivyochaguliwa. Je yeye mwenyewe binti kasema katoka? Wewe hukuniandikia hivyo. Kumtoa mtu kwenye Uislamu si kazi ya grupu la WhatsApp saa mbili asubuhi watu wanakunywa chai. Nenda Mahkama ya Kadhi na majina ya warithi wote wanne na mama, ombeni mgawanyo, fungu lake liandikwe jina lake. Na uangalie moyo wako pia, samahani nakusema kama mwanangu, mana yeye akifutwa mafungu yenu nyie wengine yananenepa.

Tena nikwambie kitu kimoja kuhusu ule mjadala wa huko, ukiupekua mara nyingi chini unakuta mirathi na karatasi. Marekani kulikuwa na bibi mmoja Edith Windsor, alikaa na mwenzake zaidi ya miaka arubaini, mwenzake akafa 2009, serikali ikamdai kodi ya mirathi dola 363,053 ambazo mke angekuwa na mume asingedaiwa hata senti. Akashtaki, 2013 akashinda mahakama kuu ya nchi, na miaka miwili baadae mahakama ile ile ikaruhusu ndoa hizo majimbo yote. Walopinga nao walikuwa na lao, wengi walisema wapeni haki za mali na spitali kwa mkataba wenye jina jengine, neno ndoa liacheni lilivyo, na Uingereza walianza hivyo hivyo, mkataba 2005, ndoa baadae. Sikwambii haya ili ubadili msimamo. Nakwambia ili ujue watu walikuwa wanagombana juu ya nini, mana kwenye grupu lenu wanagombana juu ya picha.

Pesa. Mie si mufti, ukitaka fatwa ofisi ya Mufti ipo, nenda kaulize kwa heshima. Lakini niulize na mie: ile pesa kaipata kwa kuosha wazee wasiojiweza. Kaipata kwa jasho kabla ya ndoa na kaipata kwa jasho lile lile baada ya ndoa. Ikiwa unaona hupokei, basi laki tatu za dawa zitoke kwako kila mwezi tarehe hiyo hiyo bila kukosa, na ami achangie, mana yeye ndo alotoa hukumu. Muombe kwenye grupu, mbele ya watu wote sitini, achangie dawa za shemeji yake. Uone kimya kitakavyoshuka.

Mama. Usimwambie wewe. Habari hii si yako, ni ya mdogo wako, na akiisikia kwako ataisikia kama mashtaka. Lakini pia usijidanganye na simu ya tochi, habari Pemba haingoji boti, inaogelea. Mwanamke atakuja kuazima kinu atamaliza yote. Kwahiyo mpigie mdogo wako leo, mwambie picha imevuja, mama aambiwe wiki hii na aambiwe na yeye. Wakati wa kupiga uwe wewe umo chumbani, mlango umefungwa, mama keshakula na dawa kanywa, simu usiitie spika kubwa mana kuta za huku zina masikio. Usimsaidie maneno, kaa tu. Mama akilia mwache alie, akikata simu mwache akate, baada ya Isha mwambie atapiga tena kesho. Na mie ntashangaa sana kama mama huyo hajui kitu. Binti karudi na talaka, posa zinakuja hazitaki, mama kamuangalia miaka yote hiyo na hakumlazimisha. Mama aliwahi kukwambia kwa nini? Hukuwahi kumuuliza, sio?

Yeye mdogo wako nae ana lake la kuambiwa, usimuogope. Asitegemee mama amuombee baraka. Asitegemee wewe umwite yule mwenzake shemeji. Mwambie hapo siwezi, na kabla ya hapo naweza. Mtu mzima ataelewa, kakaa nanyi miaka mingi kabla hajakaa nao. Akikwambia kaka unanikubali nusu nusu, mwambie ndo nilichonacho kwa leo, na simu naipokea.

Kuhusu kuandika kwamba mumemkata, usiandike. Ami akikubana mwambie kwa sauti ya chini, ami kukata udugu wa damu nako kuna dhambi yake na mie sitaki niikute kwenye daftari langu, ukitaka kuandika andika wewe kwa jina lako. Usigombane nae, yeye ndo baba kwenu sa hivi, mshike mkono umuulize na tarehe ya kwenda kwa kadhi juu ya shamba. Kijana wa Dar mpigie umrudishe, kakosea hesabu za nchi lakini hakukosea adabu, walomtukana ndo walokosea.

Na ile picha ifute. Waombe wasimamizi wa grupu waiondoshe, halafu ifute na kwenye simu yako, sehemu ya picha na kule kwenye taka pia, mana wanao wanne najua wanaichezea hiyo simu. Kama unataka kubaki na kitu, kata kipande cha kisutu tu.